Somo la vikundi: Karatasi za marehemu, amani ya waliobaki

Shabaha ya somo: Kumsaidia mjane au mgane, ukoo wake na viongozi wa kijiji kujua hati zipi zinatafutwa baada ya kifo cha mume au mke, zinatafutwa kwa mpangilio gani, na namna ya kuzitafuta bila kuwasha ugomvi mpya.



Katika kazi yetu ya amani wilayani Fizi tumezoea kuzungumza juu ya vita vya silaha na chuki za makabila. Lakini ukiketi na wanakijiji na kuwauliza ugomvi wao ulianzia wapi, mara nyingi wanakutajia shamba, kiwanja au nyumba ambayo mwenyewe alikufa bila kuacha karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kwetu haipotei kimya. Hupotea kwa kelele, na pengine kwa damu.

Jambo lililotokea

Mama mmoja wa kijiji cha kando ya ziwa, kati ya Mboko na Baraka, alifiwa na mumewe aliyekuwa mvuvi. Walioana kimila, mahari ililipwa, wakazaa watoto wanne. Walirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, wakajenga nyumba ya matofali na kununua shamba la mihogo na michikichi. Karatasi iliyokuwapo ni moja tu: hati ya kununua shamba, yenye jina la mume peke yake. Kilio kilipoisha, wadogo wa marehemu walikuja kudai funguo za nyumba.

Mama alikuja kwetu. Wakati huo nilikuwa mgeni katika kazi, nimetoka chuo kikuu, vifungu vya sheria nimevikariri. Nilimwambia: sheria iko upande wako, twende mahakamani moja kwa moja. Niliwaandikia mashemeji zake barua ndefu yenye namba za vifungu. Sikwenda kumsalimu mama mkwe. Sikumuuliza chefu wa kijiji.

Barua ile ilipokelewa kama tusi. Mashemeji walisema, "Mke wetu ametushitaki kwa wageni." Mama mkwe, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akimtetea, alinyamaza. Kaka zake mjane walikuja kutoka kijiji cha jirani kumlinda. Usiku mmoja mihogo iling'olewa, na siku ya soko vijana wa vijiji viwili walisimama wakitazamana na mapanga mkononi. Chefu na wachungaji walitumia miezi minane kutuliza mambo. Kilichomaliza ugomvi ni ukurasa mmoja ulioandikwa uani kwa mama mkwe, ukatiwa sahihi na pande zote mbili, kisha ukapelekwa kwenye ofisi ya sekta na mahakamani.

Sheria niliyoitaja katika barua yangu ilikuwa sawa. Mpangilio ndio uliokuwa mbaya. Nalisimulia jambo hili ili wengine wasirudie kosa langu.

Kwa nini karatasi ni shida hapa kwetu

Vita vya mwaka 1996 na vya 1998 vilikimbiza watu wengi wa Fizi kuvuka ziwa Tanganyika. Walikaa miaka mingi katika kambi za mkoa wa Kigoma, kama Nyarugusu na Lugufu. Kuanzia Oktoba 2005 meli zilianza kuwarudisha kupitia bandari ya Baraka. Watu waliolewa, walizaa na kuzika ng'ambo. Waliobaki huku walizika bila daftari lolote. Huko Makobola, mwishoni mwa 1998 na mwanzoni mwa 1999, mamia ya raia waliuawa, na familia nyingi hazikupata karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba mtu wao alikufa. Ongeza wavuvi wanaozama ziwani, na vijana wanaofukiwa katika mashimo ya dhahabu kule Misisi. Mwaka 2025, vita viliposogea kusini baada ya Bukavu kutekwa, watu walikimbia tena, na wengine waliacha hati zao nyumbani.

Kwa hiyo asiye na karatasi asionekane mwongo. Tuanze naye pale alipo.

Hatua ya 1: Siku za kilio, linda na kusanya

Siku za kwanza si za kugawanya kitu. Ni za kuzika na kulia. Hata hivyo kuna kazi ndogo isiyongoja. Mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote mbili, kwa mfano shangazi au mzee wa kanisa, amsaidie mfiwa kuweka pamoja katika mfuko mmoja wa plastiki:

- kadi ya mpiga kura ya marehemu, kwa kuwa ndiyo watu wengi nchini wanaitumia kama kitambulisho;
- karatasi ya hospitali inayoeleza kifo, kama alifia hospitalini;
- hati ya ndoa, au karatasi ya mahari yenye majina ya mashahidi;
- hati za kuzaliwa za watoto, kadi zao za chanjo na za ubatizo;
- hati za kiwanja na shamba, hata kama ni ukurasa wa kaye wenye sahihi ya muuzaji;
- karatasi zote za kambini, za Tanzania au Burundi;
- daftari la likelemba au la kikundi cha akiba (AVEC), na orodha ya madeni;
- simu na laini yake.

Laini ya simu isitupwe wala isigawiwe kijana. Huenda ndani yake kuna pesa, na ujumbe wa watu wanaodai au wanaodaiwa. Kampuni ya simu huomba hati ya kifo kabla ya kufungua pesa hizo.

Kisha andikeni mali yote katika kaye: nyumba, mitumbwi, nyavu, mbuzi, mashine ya kushona. Asome mtu mmoja kwa sauti, wengine wasikie. Anayesikia orodha ikisomwa leo hawezi kusema kesho kwamba alifichwa.

Hatua ya 2: Andikisha kifo

Hati inayofungua milango mingine yote ni hati ya kifo, ambayo juu yake imeandikwa acte de décès. Karatasi ya daktari peke yake haitoshi, wala barua ya chefu. Hizo ni ushahidi wa kupeleka kwenye ofisi ya serikali ya kuandikisha raia, yaani état civil. Vijijini ofisi hiyo iko kwenye sekta: Tanganyika, Mutambala, Ngandja au Lulenge. Katika mji wa Baraka iko kwenye komine.

Nenda mapema, maana sheria imeweka muda. Chukua karatasi ya hospitali au barua ya chefu, kitambulisho cha marehemu, kitambulisho chako, na mashahidi wawili. Angalia majina yanavyoandikwa. Herufi moja ikitofautiana na ile ya hati ya shamba, utarudishwa baadaye. Ukitoa pesa yoyote, omba risiti.

Muda ukipita, njia haijafungwa. Mahakama ya amani, tribunal de paix, inaweza kutoa hukumu inayochukua nafasi ya uandikishaji uliokosekana. Hukumu hiyo huitwa jugement supplétif. Kisha état civil huiandika katika daftari.

Je, kama mwili haukupatikana? Mvuvi amezama, mtumbwi umeonekana, yeye hakuonekana. Hapo ni mahakama inayotangaza kifo baada ya kusikia waliokuwa pamoja naye. Waandike majina yao haraka kabla hawajatawanyika. Lakini aliyeondoka tu na habari zake zikakatika, sheria haimhesabu mara moja kuwa amekufa. Njia yake ni ndefu zaidi, na mkewe atafute ushauri wa mwanasheria kabla ya kuuza kitu au kuolewa tena.

Kama kifo kilitokea kambini au nchi ya ng'ambo, hati ya huko ni ya thamani. Itunze ya asili, toa fotokopi, kisha uliza état civil namna ya kuiingiza katika daftari la hapa.

Hatua ya 3: Thibitisha ndoa na watoto

Sheria ya familia ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, nayo ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inakubali ndoa ya kimila, lakini inataka iandikishwe état civil. Wengi wetu hatukuandikisha. Mjane wa namna hiyo apeleke mahakamani mashahidi wa pande zote mbili: aliyepokea mahari, aliyeitoa, na jirani aliyewaona wakiishi pamoja. Hapa unaona kwa nini kumkosea mama mkwe ni hasara mara mbili. Yeye ndiye shahidi wako wa kwanza.

Kwa watoto, sheria ya 2016 inatoa siku 90 za kuandikisha kuzaliwa. Zikipita, inahitajika hukumu. Watoto wote wa marehemu wana haki sawa, wasichana na wavulana. Hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa anarithi, ikiwa baba alimtambua rasmi alipokuwa hai.

Kuna jambo zito la kusema hapa. Sheria inamtambua mke mmoja tu. Mwanamke wa pili, hata kama mahari yake ililipwa, hahesabiwi kuwa mjane kwa sheria, lakini watoto wake waliotambuliwa wanarithi pamoja na wengine. Tumeona wajane wawili wakipigana kaburini kwa sababu hakuna aliyewaeleza hili mapema. Wakikaa pamoja wakielewa kwamba watoto wote wana fungu, hasira hupungua.

Hatua ya 4: Baraza la ukoo

Baada ya kilio, ukoo ukutane, na mfiwa awepo. Asijadiliwe akiwa jikoni. Watu wa upande wake waalikwe pia, hata wawili tu. Chefu wa kijiji au mzee wa kamati ya amani asikilize.

Baraza lina kazi tatu. Kwanza, kutaja warithi kwa majina. Pili, kumjua msimamizi wa urithi, anayeitwa liquidateur. Kama marehemu hakuacha wosia, sheria inampa kazi hiyo mrithi mkubwa kwa umri, na akikataa warithi wanachagua mwingine. Msimamizi hulipa madeni na kugawa. Hawi mwenye mali. Tatu, kuandika yote katika PV, yenye tarehe, majina na sahihi au kidole gumba cha kila mtu, nakala moja kwa kila upande na moja kwa chefu. Kisha PV iende mahakamani ili izae hati ya urithi inayokubaliwa na ofisi nyingine.

Hatua ya 5: Nani anapata nini?

Wengi wanadhani ama mjane huchukua vyote, ama ukoo huchukua vyote. Yote mawili si kweli. Tufanye hesabu ubaoni.

Wenzi ambao hawakuchagua kitu kingine siku ya ndoa, sheria inahesabu kwamba walichochuma pamoja ni cha wote wawili. Tuseme walichuma mali ya dola 2,400, madeni yakiwa yamekwisha kulipwa.

- Nusu, dola 1,200, ni ya mwenzi aliyebaki. Hii si urithi. Ni jasho lake.
- Nusu nyingine, dola 1,200, ndiyo urithi wa marehemu.
- Robo tatu ya urithi, dola 900, ni ya watoto wote.
- Robo iliyobaki, dola 300, inagawanywa kwa makundi matatu: mwenzi aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake wa kuzaliwa. Makundi yote yakiwapo, kila moja linapata sehemu 1 ya 12 ya urithi, yaani dola 100.

Jumlisha: mjane dola 1,300, watoto dola 900, wazazi dola 100, ndugu dola 100. Mashemeji wanaodai nyumba nzima wana haki ya dola 100, wote kwa pamoja. Na mjane anayesema mama mkwe hana kitu naye amekosea. Hesabu ni ile ile mke akitangulia: mgane naye akumbuke wazazi na ndugu za mkewe.

Hesabu hii haimaanishi kwamba nyumba lazima iuzwe. Sheria inampa mwenzi aliyebaki haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi na kutumia vyombo vyake. Haki hiyo inaitwa usufruit. Inaweza kukoma, kwa mfano akioa au kuolewa tena na kumleta mwenzi mpya ndani ya nyumba hiyo hiyo wakati watoto wa marehemu wapo.

Na neno juu ya kumrithi mjane mwenyewe. Ndoa inataka ridhaa ya wote wawili. Mahari ni heshima kati ya koo mbili, haimfanyi mtu kuwa mali ya kurithiwa pamoja na nyavu. Mjane akikataa shemeji, hapotezi nyumba wala watoto kwa sababu hiyo.

Hatua ya 6: Badilisha majina

Ukiwa na hati ya kifo na hati ya urithi, nenda kwenye ofisi za ardhi kwa ajili ya kiwanja kilichosajiliwa. Kwa shamba la kimila, mwombe chefu akubali mbele ya majirani wa mipaka, mkatembee mpaka mzima kwa miguu, na kuandika. Aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni au shirika, uliza CNSS, iliyochukua nafasi ya INSS. Mwalimu au mtumishi wa serikali, uliza CNSSAP na ofisi ya kazi yake. Omba haki za wajane na yatima. Usimpe mtu hati ya asili eti akusaidie Bukavu au Kinshasa. Mpe fotokopi.

Ugomvi ukizuka

Watu wengi wa Baraka wakisikia neno mahakama, wanakumbuka Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilipokuja kuketi hapa na kuwahukumu wanajeshi kwa ubakaji uliofanywa Fizi siku ya Mwaka Mpya. Wanadhani mahakama ni ya makosa makubwa tu. La. Hakimu wa amani yupo pia kwa ajili ya hati ya mjane, na kwenda kwake si kutangaza vita, mradi ukoo uwe umeambiwa kwanza.

Kwa hiyo tunashauri mpangilio huu: ukoo, kisha chefu na kamati ya amani, kisha mahakama. Lakini mtu akipigwa, akitishiwa kuuawa au akifukuzwa usiku na watoto, mpangilio huo haupo. Mpelekeni mahali salama siku hiyo hiyo, kisha kwa wenye mamlaka. Upatanisho haujengwi juu ya hofu ya mtu mmoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, nani hukaa na funguo mtu anapokufa? Kwa nini?
2. Nani kati yetu ameandikisha ndoa yake? Ni nini kilichowazuia wengine?
3. Fanyeni tena hesabu ya hatua ya 5 kwa mali ya dola 1,200. Nani ameshangaa, na kwa nini?
4. Mwandishi alikosea wapi katika kisa cha mwanzo? Wewe ungeanza kwa nani?
5. Mjane mwenye watoto wadogo alikimbia mwaka 2025 bila hati. Taja mashahidi watatu wanaoweza kumsaidia.

Kazi ya nyumbani

Usingoje kifo. Wiki hii, mume na mke waketi pamoja na kuandika mali yao na madeni yao katika kaye. Anayetaka kuacha wosia auandike wote kwa mkono wake mwenyewe, aweke tarehe na sahihi. Wasioandikisha ndoa waende état civil wote wawili wakiwa hai, maana safari hiyo ni nyepesi kwa watu wawili kuliko kwa mmoja mwenye vazi la msiba.

Yule mama wa kando ya ziwa anaendelea kulima shamba lake. Mihogo ilipandwa upya. Mwaka uliofuata nilipita kumsalimu, nikamkuta mama mkwe amekaa barazani akimenya mihogo hiyo pamoja na wajukuu. Ile PV imefungwa katika plastiki, nayo inatunzwa ndani ya sanduku la mama mkwe. Nilimuuliza mjane kama haogopi. Akasema, "Ikikaa kwake, hakuna atakayesema niliiandika peke yangu."